Kifungo Juu ya Barafu

Umeme ulikatika saa nane mchana, fundi cherehani akiwa anatia kola kwenye shati la mteja. Mama yake, ambaye kwa mambo ya friji hakushindwa na fundi yeyote, aliubana mlango wa friji kwa kiti.

"Usifunguliwe," alisema. "Ukifungwa, chakula kina masaa manne. Baada ya hapo nyama na maziwa ni vya kutupa, hata kama havinuki."

Saa kumi na mbili jioni mama alitia mkono ndani kuipima nyama. Mkono ulitoka na ubaridi wote wa friji, na haukupata joto tena. Kesho yake ubaridi ulimfika mabegani. Siku ya tatu kikombe cha maji kilichokuwa kando ya kitanda chake kiliganda, basi nyama waliyonunua asubuhi hiyo wakaiweka chumbani kwake.

Muuza maziwa wa nyumba ya pili alibisha hodi na madumu mawili.

"Shikamoo, mama. Yataniharibikia haya."

"Marahaba. Yaweke miguuni."

Kufikia Ijumaa samaki wa mtaa mzima walikuwa wamelala kwenye mto wake wa kulalia, na chupa za maziwa za watoto zilikuwa kwapani mwake. Kwa kuwa kila mlango ukifunguliwa ubaridi hutoka, majirani walikubaliana chumba kifunguliwe mara moja tu kwa siku, asubuhi. Fundi alikuwa wa kwanza kukubali, na baadaye hilo lilimuuma sana. Aliweka kifungo cha shati juu ya ile barafu ya kikombe. Kikizama, barafu imeyeyuka na chakula chote kitupwe.

Alikwenda ofisi ya umeme. Karani alivuta fomu.

"Kuna chakula kilichoharibika mtaani kwenu?"

"Hapana. Mama yangu anakihifadhi."

"Basi si dharura, dada. Mko mwisho wa foleni."

"Mama anaumwa na baridi."

Karani, mtu mpole, aliipekua fomu mbele na nyuma. "Hapa hamna pa kuandika mama."

Fundi aliwaomba majirani waache chakula kioze siku moja tu. Nani amfunge paka kengele? Kila mmoja alimtazama mwenzake, na mwenye mtoto mchanga akaanza kulia. Yakaishia hapo.

Jioni mama aligonga mlango kwa ndani.

"Mwanangu, ingia kidogo tukae."

"Baridi itatoka, mama."

"Najua. Si mimi niliyekufundisha?"

Fundi alichukua blanketi alilomshonea mama yake mwaka uliopita, akaziba nalo upenyo wa chini ya mlango.

Asubuhi watu walikuwa wamepanga mstari na vyombo vyao. Fundi alifungua, akatazama kikombe kabla ya kumtazama mama yake. Usiku kucha alikuwa ameomba kifungo kizame.

Kilikuwa juu, kikavu.

"Chakula ni salama," aliwaambia, akaanza kuwagawia upesiupesi ili mlango usikae wazi.