Hewa ya Foma

Mama Agafia hakumpenda mke wa mwanawe, na mtaa mzima wa Korabelnaya ulijua. Alikuwa hamtaji kwa jina. Kwake Kapitolina alikuwa "yule wa Foma." Yule wa Foma hajui kuchachua kabichi. Yule wa Foma analala mpaka jua lichomoze kama mke wa jenerali. Kapitolina naye hakuwa mtu wa kumeza maneno. Kabla ya vita alishona maturubai kwenye karakana ya jeshi la maji, kati ya wanawake ambao ulimi wao ulikuwa mkali kuliko sindano zao.

"Kabichi yako mama, hata mbuzi aliitema," aliwahi kumjibu mbele ya majirani, na mimi nilikuwapo.

Kwa hiyo, mwezi Juni mwaka ule wa arobaini na mbili, tuliposikia kwamba wawili hawa wamewekwa kwenye pampu moja, watu waliokuwa wamejificha mapangoni walicheka. Na kicheko kilikuwa kimeadimika Sevastopol. Wajerumani walikuwa wametuzunguka tangu majira ya baridi, na sasa walikuwa wameamua kutumaliza. Ndege zilikuja asubuhi na kuondoka jioni kama watu wa kazi ya ajira. Maji ya kunywa tuliyapangia foleni. Mizinga yetu kule vilimani ilikuwa mizima, lakini makombora yalikuwa yanaisha, na mzinga usio na kombora ni bomba la chuma tu.

Makombora yalikuwapo, ila yalikuwa chini ya maji. Meli ya shehena iliyotuletea ilikuwa imepigwa ikazama kwenye Ghuba ya Kusini, karibu kabisa na gati, kabla ya kupakuliwa. Ikalala kwenye matope na tumbo limejaa. Ndipo amri ikatoka: wazamiaji washuke wakayatoe, moja moja ikibidi.

Foma alikuwa mzamiaji. Mtu mkubwa, mpole, mwenye sauti nzito na mazoea ya kucheka peke yake. Mabaharia waliokuwa wakimpigia pampu walikuwa wamepelekwa kwenye mahandaki kupigana na bunduki, basi wakatafutwa wanawake. Mama Agafia alisimama wa kwanza.

"Pumzi ya mwanangu nimwachie nani mwingine?"

"Na ya mume wangu mimi nimwachie nani?" akauliza Kapitolina, naye akasimama.

Sajini Pankrat, mzee wa kazi ile, ambaye upande mmoja wa masharubu yake ulikuwa umeungua moto, aliwatazama wote wawili akashusha pumzi. "Sawa. Lakini mkianza kugombana kwenye mashua yangu, nawatupa majini wote."

Pampu ilikuwa sanduku la chuma lenye gurudumu kila upande, limefungwa katikati ya mashua pana bapa. Mama Agafia akashika gurudumu lake, Kapitolina lake, wanatazamana uso kwa uso. Magurudumu yakizunguka, hewa inapita kwenye mpira mrefu inashuka mpaka kwenye kofia ya shaba ya mtu aliye chini. Yakisimama, mtu yule anabaki na hewa iliyomo ndani ya kofia, basi.

"Ndege zikija," Pankrat aliwaambia siku ya kwanza, "watu wote waruke, wakimbilie handaki la gatini. Wote isipokuwa wawili."

"Usituzungushe, baba," Mama Agafia akasema. "Tumekwishaelewa ni akina nani."

Kamba nyembamba iliyoshuka mpaka kwa Foma ndiyo iliyokuwa ulimi wao. Ukivuta mara moja: uko salama? Naye akivuta mara moja: niko salama. Mivuto ya haraka haraka: panda juu. Mivuto miwili mirefu: kaa hapo hapo ulipo. Pankrat ndiye aliyeishika, huku wanawake wakizungusha na kuchokozana.

"Zungusha vizuri, wewe. Hiyo si cherehani."

"Na wewe mama usilalie gurudumu. Huo si mto wa kitanda."

Chini kule Foma aliingia kwenye tumbo la meli kupitia tundu lililotobolewa na bomu, akapapasa gizani, akapakia makombora kwenye kikapu cha chuma, na watu wa winchi wakakivuta juu. Jioni ile ile yakapelekwa kwenye mizinga, na sisi mapangoni tulipoisikia ikinguruma tulisema, "Haya, ya Foma hayo."

Mzamiaji wa pili alikuwa Spiridon, Mgiriki wa bandari ya Balaklava, kijana wa mizaha. Alikuwa akifanya kazi kwenye mashua ya jirani. Siku moja ndege zilikuja ghafla, watu wake wakaogopa, wakaanza kumvuta juu. Alikuwa ananing'inia katikati ya maji bomu lilipoanguka kando. Halikumgusa hata kidogo. Walipomfungua kofia alikuwa amekufa, na damu imejaa mpaka shingoni.

Usiku ule Foma hakula. Kapitolina alimbembeleza anywe hata supu ya dagaa, akakataa.

"Ni maji," Foma alimwambia. "Bomu likipasuka majini, maji yenyewe yanakuwa nyundo. Kama angebaki ndani ya meli, nyuma ya chuma, labda angepona. Labda."

Mama Agafia alikuwa amelala upande wa pili wa pango. Kama alisikia, alijigeuza tu akaelekea ukutani.

Siku chache baadaye kulikuwa na joto na hakuna upepo. Moshi wa mafuta yaliyokuwa yakiungua ng'ambo ulisimama wima juu ya ghuba. Foma alikuwa ameshuka na vikapu kadhaa vilikuwa vimekwishapanda. Mama Agafia alikuwa anamweleza Kapitolina jinsi mwanamke wa kweli anavyofua shati la mume wakati hakuna sabuni, ndipo mtu wa winchi akapiga kelele: "Hewani! Hewani!"

Ndege zilikuwa nyingi, na zilikuja kutoka upande wa jua. Watu wa winchi waliruka gatini wakakimbia. Pankrat hakukimbia. Alikaa na kamba yake, akainua uso, akasema polepole, "Hawa wanatutaka sisi. Wametuona tunavyotoa." Kisha akawageukia wanawake. "Zungusheni tu. Msitazame juu."

Bomu la kwanza liliangukia gati. La pili liliangukia majini mbali kidogo, na mashua ikanyanyuka ikatua kama mtu aliyepigwa kibao. Vipande vya chuma vikapita vikilia. Pankrat aliinuka nusu, kama anayetaka kusema jambo, akaanguka kifudifudi. Kamba ikamtoka mkononi.

Mama Agafia aliachia gurudumu.

"Mama! Rudi!" Kapitolina alipiga kelele. Gurudumu lake lilikuwa zito ghafla, zito mara mbili. "Mama, hewa!"

Lakini yule mama alikuwa amekwisha kuipata kamba. Aliivuta haraka haraka, kwa mikono yote miwili, kama anayevuta ndoo kisimani nyumba ikiungua. Panda juu, panda juu, panda juu.

"Usimpandishe! Utamuua! Spiridon, mama, umesahau Spiridon?"

"Amekaa juu ya makombora!" Mama Agafia akafoka bila kugeuka. "Yakipigwa hayo sitapata hata kifungo cha kuzika! Mwanangu anatoka humo!"

Na kweli kamba ilianza kulegea. Foma alikuwa ametii. Alikuwa anatoka.

Kapitolina aliniambia baadaye kwamba hakufikiri. Aliona tu kwamba mikono yake ni miwili na kazi ni mbili, kila moja ikiitaka yote. Akiendelea kuzungusha, mumewe atatokea kwenye maji wazi akiwa na hewa nzuri na atakufa. Akiacha kuzungusha, hewa itasimama. Ndege zilikuwa zimegeuza juu ya kilima, zinarudi, zimejipanga.

Akaachia gurudumu. Pampu ikanyamaza kimya.

Alimrukia mama mkwe wake akamsukuma kwa bega, mzee wa watu akaanguka juu ya kamba zilizoviringwa. Akainyakua ile kamba, akavuta mvuto mmoja mrefu. Akavuta wa pili. Kaa ulipo. Kaa. Kisha akajifunga kamba kifundoni mwa mkono, akarudi kwenye gurudumu akalilalia kwa uzito wake wote ili lianze kuzunguka tena.

Halikuzunguka vizuri. Mtu mmoja hakuweza. Mshale wa kipimo cha shinikizo la hewa ulipanda kidogo, ukashuka.

"Mama," akasema. Hakupiga kelele tena. "Mama, nimekukosea, utanipiga baadaye. Njoo uzungushe."

Mama Agafia alikuwa amekaa chini, kitambaa kimemtoka kichwani, mvi zimetawanyika. Alimtazama mke wa mwanawe kwa chuki ambayo Kapitolina alisema hajawahi kuiona tena, hata machoni mwa Wajerumani. Kisha akainuka, akaushika mpini.

Gurudumu likazunguka.

Mabomu yakaja moja nyuma ya jingine, na yote yaliangukia majini. Sijui niwaelezeje, maana mimi nilikuwa pangoni, na kule ndani mwamba wenyewe ulitetemeka. Wao walikuwa juu ya mbao. Maji yalipanda kama nyumba yakawaangukia. Samaki waliokufa walijaa miguuni mwao. Wanawake wale walizungusha huku wanatazamana, macho manne, hakuna aliyefumba. Bomu moja lilianguka karibu kiasi kwamba mashua iliinuka upande, Kapitolina akabaki ananing'inia kwenye mpini, miguu haigusi kitu, na bado upande wa pili Mama Agafia alikuwa anazungusha, na kumzungusha na yeye.

Kamba mkononi mwa Kapitolina ilikuwa imelala tu, imekufa.

"Hajajibu," Mama Agafia akasema.

"Zungusha, mama."

"Tangu ulivyomwambia akae, hajajibu. Tunampulizia maiti."

"Basi tumpulizie maiti. Zungusha."

Ndege ziliondoka. Mlio wao ulipotea nyuma ya milima, na kimya kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu sasa hapakuwa na kitu kingine cha kuogopa ila kimoja. Maji ya ghuba yalikuwa meusi kwa matope na mafuta. Mapovu ya hewa hayakuonekana. Kapitolina, bila kuacha gurudumu, alivuta kamba kwa mkono uliofungwa. Mara moja.

Hakuna kitu.

Akavuta tena. Mama Agafia alikuwa anatazama mkono ule, midomo yake inacheza bila sauti. Alikuwa haingii kanisani tangu makanisa yafungwe, na hata kabla ya hapo alikuwa akienda kwa ajili ya umbea tu. Siku ile aliomba.

Kapitolina akavuta mara ya tatu. Kifundo cha mkono wake kikavutwa, polepole, kwa unyonge. Mara moja.

Aliunyosha tu ule mkono juu ya pampu, kamba ikiwa imekaza, ili mama aone mwenyewe.

Watu wa winchi walirudi mbio wakampandisha taratibu kama inavyotakiwa. Walipomfungua kofia damu ilimtoka masikioni na puani, macho mekundu kama nyama. Alitabasamu. Alikuwa amejibana nyuma ya ukuta wa chuma ndani ya tumbo la meli, akikumbatia nguzo, na kwa muda alipoteza fahamu. Mama yake alimuita. Mkewe alimuita. Akawatazama midomo kwa mshangao, kama watu wanaomfanyia mzaha, na hapo ndipo walipoelewa kwamba hasikii.

Pankrat alikuwa amefariki. Walimfunika kwa turubai, na Kapitolina alitambua mshono: lilikuwa la karakana yake.

Mama Agafia alifunga kitambaa chake upya, akamwendea mke wa mwanawe.

"Ungekosea," akasema, "ningekufunga jiwe shingoni nikutupe humu humu."

"Ningejifunga mwenyewe, mama."

"Hukujua kama atapona."

"Sikujua."

Yule mama akatikisa kichwa, akatema mate majini, na kwenda kukaa pembeni mwa mwanawe.

Foma waliondoka naye pamoja na majeruhi kwenye moja ya meli za mwisho zilizoweza kuingia na kutoka. Wanawake hawakuruhusiwa kupanda. Siku chache baadaye mji ukaanguka, na tukaingia kwenye miaka ambayo sipendi kuisimulia. Agafia na Kapitolina waliishi kwenye pango moja, halafu kwenye jiko la nyumba iliyobomoka, wakila walichopata, wakigombana kila siku iendayo kwa Mungu. Mmoja alipougua homa ya chawa, mwingine alimficha Wajerumani wasimwone, akamlisha kwa kijiko huku akimtukana.

Jeshi letu liliporudi, mwezi Mei, miaka miwili baadaye, Foma alirudi nalo. Alipanda ngazi za mtaa wetu akiwa na koti lisilomtosha. Mama Agafia ndiye aliyemwona kwanza. Alimpiga kibao, cha kuchelewa, kisha akamng'ang'ania mpaka majirani tukaja kuwatenganisha ili mke naye apate nafasi.

Foma hakuwahi kusikia tena, lakini alikuwa amejifunza kusoma midomo. Jioni, tulipokaa wote na supu, aliuliza kwa ile sauti yake nzito isiyo na mipaka: siku ile ya mabomu, kamba ilimwambia panda, kisha ikamwambia kaa. Ni nani aliyemwambia akae?

Kapitolina aliacha kugawa supu.

Mama Agafia aliushika uso wa mwanawe kwa viganja vyote viwili, akaugeuza kwake, akatamka neno moja moja ili asikose hata herufi:

"Tuliamua pamoja. Mimi na Kapitolina."

Tulitazamana sote pale jikoni. Kapitolina akainama, akaongeza upawa mmoja kwenye bakuli la mama mkwe wake, na hakuna aliyebisha.