Mwalimu Nakhumicha Asikiliza Kipali

Elsie Nakhumicha alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja. Alipostaafu alibaki mtaa wa Migosi, kwenye nyumba aliyopanga tangu watoto wake wakiwa wadogo. Jirani yake alikuwa Sumana, kijana mtawa wa Kibuddha mwenye kichwa kilichonyolewa, aliyeletwa Kisumu na familia chache za Sri Lanka zinazofanya kazi huku.

Mwezi Desemba Sumana angerudi kwao, akariri mbele ya wakubwa wake kitabu kizima cha Kipali, lugha ya kale ya maandiko yao, bila kukitazama. Mtu aliyekuwa akimfuatilia kitabuni anapokariri, ili amkosoe, alikuwa amehamishiwa Nairobi.

"Nipe mimi hicho kitabu," Mwalimu alisema.

"Mama, hujui Kipali."

"Wale watoto wangu wa shule walijua Kiingereza? Na walisoma. Herufi ni hizi hizi zetu."

Basi kila asubuhi walikaa kwenye veranda, majirani wakiwaona, maana mtawa hakai faraghani na mwanamke. Sumana alifumba macho akakariri. Mwalimu alisogeza kidole chini ya maneno, akashangaa jinsi yalivyosomeka karibu kama Kiswahili.

Caren, mwenzake wa kanisani, alisimama getini siku ya pili. "Elsie, na hiyo dini ya watu?"

"Namsikiliza mtoto wa mwenzangu akisoma."

Caren alisikiliza kidogo, akaondoka akisema kijana ana kichwa kweli.

Siku ya nne kidole kilisimama.

"Umeruka. Mistari sita."

Sumana hakufumbua macho. "Hapana, Mama. Hii ninayo kichwani miaka tisa."

"Umeruka. Rudi."

Alirudi, akaruka tena. Mara ya tatu Mwalimu aliweka kitabu mezani, akamwonyesha. Sentensi moja ilikuwa imeandikwa mara mbili kwenye ukurasa ule, mistari sita kati yake. Akifika ya kwanza, ulimi ulikimbilia ya pili.

Uso wa Sumana ulibadilika. "Mwalimu wangu kule kwetu amenisikia mara nyingi sana."

"Labda siku hizo hukuruka. Mtoto huruka akishazoea, si akiwa anajifunza."

Sumana aliinuka, akaingia ndani kwake. Mwalimu hakumfuata wala hakujilaumu. Alienda kuchemsha chai. Kesho yake, kabla hajapiga mswaki, alimsikia jirani akirudia mistari ile sita, polepole, mara nyingi mno.

Jumamosi mwalimu wa Sumana, mtawa mzee sana, alimsikiliza kwa simu ya video. Mwalimu Nakhumicha alifuata na kidole. Walipofika pale, Sumana alipunguza mwendo, akavuta pumzi, akapita mistari yote. Saa mbili zilikwisha bila kosa. Mzee alizungumza kwa muda, na Sumana akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Ameuliza nani alinirekebisha. Nimemwambia. Sasa anauliza kama utanishikia kitabu cha pili. Ni kirefu mara tatu."

"Mwambie akitume," Mwalimu alisema. "Ila Jumapili niko kanisani."