Rangi ya Kumshusha Mama Ngazi

Mnunuzi wa saba alikuja na mkewe na mtoto wao wa miaka minne hivi. Dalali, kama kawaida yake, akatangulia mbele akiimwagia nyumba sifa: ghorofa moja, vyumba vinne, maji hayakatiki. Wakaingia sebuleni. Mtoto akatazama kuta, akaukamata mkono wake wa kushoto, akaangua kilio.

"Sitaki sindano! Mama, sitaki sindano!"

Jamani! Baba mtu akacheka kwa aibu, mama mtu akambeba mwanawe, na kabla dalali hajamaliza habari za tangi la maji, wageni walishafika getini.

Wakabaki sebuleni mama mwenye nyumba, mwanawe wa kwanza wa kiume, na kitinda mimba wake, binti ambaye ni fundi cherehani. Huyu kitinda mimba alisimama mdomo wazi. Miaka yote ameingia na kutoka humo asione! Kuta zilikuwa kijani kutoka sakafuni hadi kifuani, krimu kutoka hapo hadi juu, na katikati mstari mweusi ulionyooka. Marehemu baba yao alikuwa fundi wa matengenezo hospitalini, na kila wodi ilipopakwa upya, mkuu wake alimruhusu aondoke na mabaki ya rangi. Sebule ikawa wodi, jiko likawa wodi, mpaka choo nacho wodi. Kumbe ndiyo maana wanunuzi wote walinong'ona! Yule wa tatu si alikaa ameegemea ukuta, mkoba mapajani, kana kwamba anasubiri kuitwa?

Na wakati ulikuwa unawatupa mkono. Magoti ya mama yalishagoma. Chumba chake kilikuwa juu, na kila asubuhi alishuka ngazi kwa makalio, kidato kimoja kimoja, akitania ili asilie. Kijumba kisicho na ngazi kilikuwa kimepatikana, ukuta kwa ukuta na kwa fundi cherehani, na muuzaji wake alikubali kuwasubiri mpaka mwisho wa mwezi, basi. Bila kuuza huku, hakuna kununua kule.

"Tupake nyeupe nyumba nzima," kaka akakata shauri. "Nyeupe haina ugomvi."

"Kaka, sebule hii haipati jua. Nyeupe humu itageuka majivu."

"Wewe shona magauni, mdogo wangu. Ya nyumba tuachie sisi."

Maneno hayo yalimkaa rohoni, lakini alikuwa na zito kuliko hilo. Kijani kile kilikuwa kazi ya mikono ya baba. Atamwambiaje mama kwamba kazi ya marehemu ndiyo inayofukuza wateja? Akaanza kwa mbali. "Mama, unajua, rangi nazo huzeeka..."

"Sema tu panafanana na wodini," mama akamkatiza.

Wote wawili wakageuka.

"Miaka thelathini na moja nimelazwa bila kuumwa! Nakichukia kijani hiki, wanangu. Ila alivyokuwa akiingia na ndoo yake, anacheka mpaka jino la mwisho, ningeanzia wapi kumwambia?" Akajifuta machozi huku anacheka. "Nilimpenda yeye, sikupenda rangi yake. Hebu pakeni."

Kaka akaanza kusogeza viti mbali na kuta.

Fundi cherehani hakukimbilia dukani. Alileta mfuko wa vipande vya vitambaa, akavibandika ukutani kila chumba, akavichungulia asubuhi, mchana na jioni kwa siku tatu. Kazi yake ilishamfundisha kwamba kitambaa kinachopendeza dukani kinaweza kumfanya mteja aonekane mgonjwa akitoka nje. Saa kumi jioni akamwita kaka aje aone kile cheupe cha sebuleni. Majivu matupu! Kaka akajikuna kisogo, akaenda zake.

Vikabaki vinne. Sebule ingekuwa rangi ya chai yenye maziwa mengi, jiko rangi ya siagi, chumba kidogo cha juu samawati iliyofifia, na mlango wa mbele damu ya mzee.

"Tumetoka wodini, sasa unaleta damu?" kaka akafoka.

"Ya mzee hiyo," mama akajibu kutoka kwenye ngazi. "Imeshatulia."

Wakapaka wenyewe, ndugu wawili, migongo ikawauma. Kijani kilikuwa king'ang'anizi, kikachungulia mkono wa kwanza, kikachungulia na wa pili. Mkono wa tatu ndio uliokinyamazisha, mama akiwa kitini anaelekeza: "Mmeruka kona ile! Ninyi mnapaka au mnapapasa?"

Siku ya mwisho ya mwezi dalali aliwabembeleza watu wa sindano warudi. Mtoto alikuja ameshika mkono wake tangu getini. Fundi cherehani akafungua ule mlango. Mtoto akaingia. Akatazama ukuta huu, akatazama ule. Mkono ukaachiwa. Mara akapanda ngazi mbio, na kutoka chumba cha samawati ikasikika sauti ya kupasua dari:

"Hiki changu!"

"Mume wangu, njoo uone jiko!" mke naye akaita kwa sauti ya juu. Wakaanza kubishana meza ikae wapi, na hakuna aliyenong'ona. Fundi cherehani alitamani kuruka kwa furaha, akaishia kumbana mama yake mpaka mama akalalamika mbavu.

Dalali alipokonyeza bei ipunguzwe, kaka akatikisa kichwa. "Haishuki hata kidogo. Nyumba hii imechaguliwa rangi na fundi." Wakakubaliana palepale. Kisha akamsogelea dada yake, macho chini. "Mdogo wangu, kwangu nako uje na ule mfuko."

Siku ya kuhama, mama alikataa kubebwa. Alishuka kwa makalio yake, kidato kimoja kimoja, wanawe wakimsubiri chini. Alipofika cha mwisho wakamsimamisha, akageuka, akaipungia mkono ngazi.

"Nimekushinda!" akasema kwa sauti kubwa, akatoka.