Bunduki Iliyolala Ndani

Krismasi yetu huja Januari. Watu wanaobeba Nyota, ile ya kanisani iliyopambwa kwa karatasi za kung'aa, hupita nyumba kwa nyumba wakiimba, na kila nyumba huwalisha. Mwaka jana walipofika kwangu niliwapa mapaja ya kuku wa dukani. Walikula. Wakasema asante mmoja mmoja, kwa adabu sana, na adabu ile ndiyo iliyoniuma. Nilipokuwa mke wa mwindaji hakuna aliyenishukuru. Walikuwa wananyoosha bakuli tu.

Basi mwaka huu nikajiapiza moyoni: kuku haingii sufuriani mwangu siku ya Nyota. Nataka kulungu, wale wetu wa barafuni, wenye mafuta mgongoni. Lakini mume wangu ameshalala kaburini, na macho yangu mimi siku hizi yanafaa kwa samaki tu. Nimebaki na wajukuu wawili wakubwa. Makari ni mtoto wa binti yangu, hajawahi kukaa nje ya kijiji. Evon ni mtoto wa mwanangu wa kiume, alikaa mjini Anchorage miaka saba akifunga mabomba ya maji, akarudi mwezi wa kumi na moja na bunduki mpya.

Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Nyeusi, nyepesi, na inajipakia. Unavuta kifyatulio, risasi moja inatoka na nyingine inaingia yenyewe, hivyo hivyo mpaka kumi ziishe. Juu yake kuna darubini. Evon aliitandikia taulo juu ya meza yangu ya kulia.

"Bibi, hii haikwami," akasema. "Na haikosi. Kule mjini kwenye uwanja wa shabaha nimeipiga risasi mia mbili, haijakwama hata mara moja. Hatua mia moja, matundu yote unayafunika kwa kikombe. Nyama ya Nyota usiiwaze kabisa. Ipo."

Mimi nikageukia dirisha. Kwetu mwindaji hasemi nyama ipo. Anasema, "Ngoja nikazunguke kidogo," na hata hilo analisema kwa sauti ya chini, maana mnyama ana masikio na hapendi kuhesabiwa angali hai.

Makari alikuwa kwenye kochi anatafuna samaki mkavu. "Binamu, umesema haikosi?"

"Haikosi."

"Basi nikawaambie kulungu waandike wosia?"

"Waambie."

"Na walio na madeni walipe kabisa?"

"Walipe!" Evon akacheka, lakini shingo ilikuwa imemsimama. Miaka saba mjini ilikuwa imemsahaulisha utani. Makari anaruhusiwa kumwambia lolote, mmoja wa dada na mwingine wa kaka, na yeye anapaswa kumrudishia. Lakini Evon alikuwa anajibu kama mtu aliyeitwa polisi.

Kilichonitia wasiwasi hakikuwa maneno. Ilikuwa ni mahali bunduki ile ilipolala. Kila siku Evon aliitoa nje, akawaangalia kunguru kwa darubini, risasi hapigi, anazitunza. Kisha anairudisha ndani, karibu na jiko langu. Bunduki ikitoka kwenye baridi kali ikaingia jotoni, hutoka jasho kama mtu. Evon akiona lile jasho anapaka mafuta. Kesho jasho tena, mafuta tena. Bunduki za watu wengine wote kijijini hulala kwenye kibaraza cha baridi, kavu, hazijui mafuta wala jiko.

Nilimwona. Lakini mtu mzima, tena mwenye ndevu, huwezi kumwambia waziwazi kwamba anakosea. Utamvunja. Jambo kama hilo hupelekwa na mtani. Nikamwita Makari pembeni, nikamweleza.

Jioni ile Makari akaja, akainama mbele ya bunduki, akaweka sikio. "Shh. Amelala. Binamu, ameshanyonya?"

"Toka hapo."

"Nasema kweli, mtoto anatoka jasho. Mpeleke nje akapigwe na upepo, utamwua. Wenzake wote wanalala nje."

Evon akasimama, akachukua blanketi langu la maua, akaifunika bunduki mpaka shingoni. "Haya. Sasa hapati hata mafua."

Makari akanitazama na mimi nikamtazama. Ujumbe ulikuwa umefika, ila umevaa nguo za kuchekesha kiasi kwamba mwenye nyumba hakuutambua.

Zilipobaki siku tatu Nyota ifike, Evon akasema tunakwenda. Nikasema na mimi naenda, ziwa lina samaki wa mdomo mrefu, nitakaa kwenye tundu langu la barafu. Kweli nilitaka samaki. Nilitaka pia kuona kama mwaka huu nitaaibika tena au la, nisisubiri kuletewa habari.

Makari alikuja mikono mitupu.

"Bunduki yako iko wapi?" Evon akamwuliza.

"Nimeiacha nyumbani. Ulisema yako haikosi. Mbili si zitakuwa mzigo?"

"Wewe Makari!"

"Mimi nimekuja kubeba nyama. Mgongo wangu ninao."

Tukaondoka, wao wawili juu ya pikipiki ya theluji, mimi nyuma kwenye sleji inayokokotwa, nimekalia rundo la ngozi na mizigo. Njia ile ina matuta kama mgongo wa samaki. Kwa saa mbili nilikuwa napaa na kushuka, napaa na kushuka, na mimi si mwepesi. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu kigumu kilichokuwa kinanichoma paja la kushoto. Nikakisogeza kidogo kwa kukikalia sawasawa.

Tulipofika ziwani nikashuka, nikachukua ndoo yangu na fimbo ya kuvulia. Evon akafunua ngozi, akavuta mfuko laini mrefu, akatoa bunduki yake. Nikainama haraka kushughulika na barafu. Makari akaniona. Akauma glavu yake.

Nilikuwa nimeshatoa samaki watatu, wamekauka kama kuni palepale juu ya theluji, wakati kulungu walipotokea. Saba. Walikuwa wanakwangua theluji kwenye mteremko ng'ambo ya ziwa, wamenona, hawana habari na sisi. Evon akalala kifudifudi. Nikaacha kuvua. Nikaona sufuria yangu, nikaona mvuke wake.

Bunduki ikalia.

Theluji ikaruka pembeni mwa yule mkubwa. Kulungu wakainua vichwa. Evon akavuta tena. Tik. Akavuta tena. Kimya. Risasi ya pili ilikuwa imeingia nusu, na komeo la bunduki limesimama katikati ya safari kama mzee aliyesahau alichofuata chumbani. Evon akalisukuma kwa gumba, halikwenda. Akalipiga kwa kiganja. Halikwenda. Kulungu wakageuka, wakaondoka kwa mwendo wa kukimbia bila haraka, wakapotea nyuma ya kilima.

"Mpe chai," Makari akasema.

Evon akalipiga tena komeo kwa kiganja.

"Au mrudishie blanketi. Nilikwambia mtoto ana homa."

"Ulikuwa unanitania!"

"Ndiyo, nilikuwa nakutania. Ulitaka nikwambie vipi, nikuandikie barua?"

Evon akakaa kwenye theluji, bunduki magotini. Uso wake ulikuwa mwekundu, na haikuwa baridi. "Bibi," akasema, "nimekutia aibu. Itabidi ni kuku tena."

Hapo moyo wangu ukashtuka, maana sikujua kama alikuwa analijua lile la kuku. Nikaweka fimbo chini.

"Kulungu ni mmbea," nikamwambia. "Akikimbia kitu asichokijua, hawezi kuvumilia. Atarudi kuangalia. Tuna muda. Lete hicho chuma. Makari, toa petroli kidogo kwenye pikipiki, uitie kwenye mfuniko wa birika."

Evon akaondoa risasi zote, akalitoa komeo. Nikamwonyesha. Mafuta yalikuwa yameganda juu yake, ya rangi ya asali, na ndani ya mafuta kulikuwa na chembechembe za barafu. Nikalizamisha ndani ya petroli nikilishika kwa koleo langu la kutolea ndoana, maana petroli kwenye baridi ile hula ngozi kuliko moto. Nikalitikisa, nikalisugua kwa kipande cha shuka, nikamwambia alipungepunge hewani mpaka likauke. Kisha tukasafisha na kule ndani lilikotoka. Mafuta hata tone hatukurudisha.

"Na mafuta je?" akauliza.

"Mafuta tutakula na samaki."

Sasa tukataka kuijaribu. Nikachukua samaki mmoja, yule mkubwa, nikamwambia Makari akamsimamishe kwenye theluji, hatua mia moja, mkia chini na mdomo juu. Mlio hausumbui, kulungu wetu haogopi mlio kama anavyoogopa harufu, na upepo ulikuwa unatoka kwao.

Evon akapiga risasi tatu. Pa, pa, pa. Zote zikatoka, hakuna iliyokwama, na komeo lilikuwa linakwenda na kurudi kama cherehani. Lakini samaki hata mkia haukutikisika.

Makari akaenda kuangalia, akatuita kwa mikono. Matundu matatu yalikuwa kwenye theluji, kushoto kwa samaki, yamekaa pamoja kiasi kwamba nilipoweka kiganja changu yakafunikwa. Kutoka kwa samaki mpaka pale ni shubiri moja.

"Haiwezekani," Evon akasema. "Nililenga katikati! Kule mjini ilikuwa inapiga katikati."

"Bunduki mwongo hupiga leo huku, kesho kule," nikamwambia. "Hii imekosea mahali palepale mara tatu. Hiyo si mwongo, ni mkaidi tu. Mkaidi unaweza kuishi naye."

"Lakini nani ameisogeza hiyo darubini?"

Nikaangalia mawingu. Makari alikuwa ameshikilia tumbo, machozi yanamgandia kwenye kope.

"Mwulize Bibi," akasema, "amekaa wapi saa mbili nzima."

Evon akanitazama. Akatazama sleji. Akatazama ule mfuko laini. Kisha akanitazama tena, lakini sasa chini ya kiuno.

"Bibi!"

"Nilidhani ni fimbo ya hema," nikasema.

Palepale ndipo mjukuu wangu aliporudi kutoka mjini. Nasema kweli, niliona anavyorudi. Midomo ikaanza kumcheza, akasema, "Fundi wa bunduki alitumia siku nzima kuilenga hii darubini, na wewe umeilenga upya bila hata kushuka kwenye sleji."

"Kwa paja moja tu," Makari akasema. "Angetumia yote mawili ingepiga kijijini."

Tukacheka mpaka nikahitaji kukaa kwenye theluji. Na wale wambea, nadhani walitusikia, wakataka kujua kinachochekesha. Makari ndiye aliyewaona. Watano walikuwa wamesimama juu ya mteremko, wamejipanga mstari, wanatutazama. Tulikuwa bado pale kwa samaki, Evon na bunduki yake begani, na kutoka hapo mpaka kwao kulizidi kidogo zile hatua mia.

Evon akashuka taratibu kwenye theluji. Yule wa kwanza alikuwa ameelekea kulia, ubavu wote wazi.

"Bibi," akanong'ona, "nilenge wapi?"

"Kulia kwa bega. Shubiri moja na nusu."

"Hapo hakuna kitu. Ni hewa."

"Basi piga hewa."

Akavuta pumzi, akaitoa nusu. Nikaona kidole chake kinavyosita, maana ni kazi ngumu kwa kijana kulenga mahali ambapo anaona kabisa kwamba nyama haipo. Kisha bunduki ikalia, na yule wa kwanza akapiga magoti. Risasi nyingine ikaingia yenyewe bila manung'uniko. Wa pili alikuwa amegeuka, naye kulia. Hewa tena. Akaanguka. Evon akaondoa kidole kwenye kifyatulio, akawaacha watatu waliobaki waende.

Hakusema haikosi. Alikwenda kwa yule wa kwanza, akavua glavu, akamwekea theluji mdomoni apate maji ya safari, kama babu yake alivyokuwa akifanya.

Tulipofika nyumbani Makari akatutangulia kwenye redio ya kuitana, ile iliyo katika kila nyumba, akakihadithia kijiji chote: jasho, blanketi la maua, chai, paja langu. Sikupata nafasi hata ya kujitetea. Kwa hiyo siku ya Nyota walikuja wote. Walikuja wanaofuata Nyota kila mwaka, na wakaja wale ambao hukaa nyumbani na kusingizia magoti. Viatu vya manyoya vilijaa mlangoni mpaka watu wakawa wanaviruka.

Walipomaliza kuimba wakakaa sakafuni, na mimi nikaanza kugawa. Mzee Feofan, anayesoma kanisani, alipopewa bakuli hakuanza kula. Alimtazama Evon.

"Tumesikia una bunduki mpya," mzee akasema. "Inapiga?"

Evon alikuwa amebeba birika. Nikaona Makari anajiandaa kumsaidia kujibu, lakini Evon akamwahi.

"Inapiga, mzee. Uioshe kwa petroli, uinyime mafuta, umwombe Bibi aikalie, halafu ulenge mahali ambapo mnyama hayupo. Ukishafanya hayo yote, haikosi."

Mzee Feofan alicheka mpaka mchuzi ukamwagikia magotini. Wengine wakamfuata, na mabakuli yakaanza kunyooshwa, moja juu ya jingine, sikuweza kuona ya nani. Nilijaza. Nikajaza tena. Nilipofika sufuria ya tatu mwiko ulikwangua chuma kitupu, na mlangoni walikuwa bado wamesimama watu wanne waliochelewa. Nikawapa bakuli langu, na la Evon, na la Makari nikalichukua mikononi mwake wakati ameshafungua mdomo.

"Bibi! Mimi ndiye niliyebeba!"

"Mgongo unao, ulisema. Tumbo hukulitaja."

Aliendelea kulalamika mpaka wimbo wa kuondoka ulipoanza, na hata hapo alikuwa analalamika katikati ya wimbo, kwa sauti yake nene, akifuata mahadhi. Mimi nilisimama jikoni nikanywa mchuzi uliobaki chini ya sufuria, ukiwa bado wa moto.