Usisafiri Wiki Hii

Kwa miaka ishirini na mbili Bi Maftaha ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake pale Somanga. Kwa hiyo Jumatatu ile, jirani yake Bi Ziada alipomwita na kumkabidhi sanda, karafuu maiti na ubani, hakushtuka. Wazee wengi hujiwekea. Ziada alikuwa na miaka sabini na mitatu, na tangu apate kiharusi mwaka jana hakuweza kusimama bila kushikwa.

Walizungumza habari za harusi ya mjukuu wa Maftaha, itakayofanyika Lindi siku ya Ijumaa. Maftaha alipoinuka kuaga, Ziada akamwambia, "Usisafiri wiki hii."

Maftaha alikuwa ameshavaa kandambili mlangoni ndipo maneno yale yalipomwingia. Mtu anayejiwekea sanda haijui siku yake. Akazivua, akarudi kuketi.

"Ziada mwenzangu, unataka kujiua?"

Ziada akasema, "Ahmadi ananibeba mpaka chooni. Mwanangu wa kiume. Nimechoka kuwa mzigo."

Maftaha hakumtajia dhambi wala hakumwambia ajikaze. Alimuuliza kama ameshapanga atakavyofanya, akajibiwa ndiyo. Akamwita Ahmadi, akamweleza mbele ya mama yake, na kile kilichokuwa kimefichwa chumbani kikaondolewa. Ahmadi alilia. Alisema hajaona tabu kumbeba hata siku moja. Ukimya wa mama alidhani ni maumivu ya mguu.

Kesho yake walimpeleka Ziada kituo cha afya kwa bajaji. Tabibu, jina lake Jerome, alimsikiliza bila haraka. Alisema hiyo ni sonona, huwapata wengi baada ya kiharusi, na inatibika. Akampa dawa, mazoezi ya mguu na tarehe ya kurudi, akaagiza asiachwe peke yake. Maftaha hakwenda harusini.

Ahmadi alimtengenezea mama yake kiti cha choo, na kazi ya kumwogesha akaichukua Maftaha. Mwanzoni Ziada alisita. Alisema mikono ile imezoea wafu.

Huu ni mwezi wa pili. Zipo asubuhi ambazo Ziada hataki kusema na mtu, na Maftaha hukaa naye tu. Jana, akiogeshwa, alilalamika kwamba maji ni ya baridi. Maftaha akamjibu kuwa wale wengine hawajawahi kumlalamikia. Ziada akacheka kidogo, na mwenzake akaenda jikoni kuyapasha.