Pale Kwa Mzee

Minza alikuwa hajawahi kulitamka jina la baba mkwe wake tangu aolewe. Ndivyo alivyofundwa na Wasukuma wenzake: mkwe haitwi jina, na kama kuna kitu kingine kina jina hilohilo, unakizunguka. Sasa mzee mwenyewe anaitwa Ngusa, na ile njia ya kuvuka reli nyuma ya stesheni ya Mpanda mtaa mzima unaiita Kwa Ngusa. Yeye ndo alifika pale wa kwanza na ng'ombe zake, zikakanyaga mpaka pakawa njia. Ng'ombe ziliisha, njia ikabaki.

Minza alipita hapo kila asubuhi na beseni la mihogo ya kuchemsha, kuuzia abiria. Mzee naye alipita hapo kwenda zahanati kuchukua dawa za presha, pole pole, na fimbo yake, maana jicho moja lilikuwa limeshaingia ukungu.

Watu wa mipango miji walipokuja, mtaa ulifurahi. Walisema eneo la stesheni linapangwa upya: stendi ya bajaji iletwe mlangoni, zijengwe fremu za maduka na nyumba za kupanga, ziwekwe taa. Halafu reli itazungushiwa uzio wa wavu huku na huku, watu wavukie sehemu moja tu yenye geti na mlinzi. Minza alichotaka ni hicho tu, hiyo sehemu moja iwe pale pale.

Kwenye mkutano wa kutoa maoni, wanaume walikaa kundi lao wakabishana fremu apewe nani. Wanawake wakawekwa peke yao ili wawe huru. Zena mwenye duka, ambaye angeongea bila kuogopa mtu, alikuwa ameshaondoka kwenda kufungua biashara. Waliobaki wakawa wanagombana choo kijengwe wapi. Mpimaji, kijana mpole anaitwa Fabiani, mgeni Mpanda, akamfuata Minza na ramani yake, akamuuliza wanavukia wapi zaidi.

Jina lilifika mpaka kwenye ulimi. Akalimeza.

"Kwa mzee," akasema.

"Kwa Mzee?"

"Ee. Wote tunavukia pale kwa mzee."

Fabiani akatafuta, akatia alama. Kwa Mzee ni baa, iko huko mwisho kabisa kwenye maghala ya mahindi. Minza hajui ramani. Aliona kalamu imegusa karatasi, akashukuru.

Uzio ulipofika, ulipita Kwa Ngusa moja kwa moja kama hapajawahi kukanyagwa na mtu. Geti likajengwa kule baa. Minza akaenda kulalamika, na Fabiani hakumfokea. Alimwonyesha tu ile alama.

"Mama, si nyie wenyewe ndo mlisema?"

Zena aliposikia alicheka mpaka akashika kaunta. "Mwanamke wewe, ulimwambia mzee yupi? Mpanda nzima hii imejaa wazee." Halafu akaona sura ya Minza, akaacha kucheka, akampa sukari ya bure.

Haikuchukua muda, watu wakakata wavu palepale pa zamani. Kule kwenye geti ni mbali, nani azunguke na mzigo kichwani? Lakini kando ya reli mafundi wa uzio walikuwa wamechimba mtaro, ukipenya kwenye tundu unashukia humo, halafu unaibukia juu ya reli ghafla, hujaona kushoto wala kulia. Minza alimwomba mzee apande bajaji mpaka getini. Mzee akamjibu kwamba hawezi kulipa nauli ya kuvuka njia yake mwenyewe.

Siku ile Minza alikuwa ng'ambo, amepanga mihogo. Akamwona mzee anajikokota kutoka mtaroni. Na akaona mabehewa yanarudishwa nyuma, matupu, kichwa cha treni kiko mbali huko mwisho, kwa hiyo yanakuja bila kelele.

"Baba!" akaita. "Baba!"

Wanaume kibao wakageuka, wa bajaji, wapakia mizigo, kila mmoja akidhani anaitwa yeye. Mzee hakugeuka. Aliendelea kukanyaga mawe, mguu mmoja, fimbo, mguu mwingine.

"Ngusa!"

Hapo akasikia. Akasimama katikati ya reli, akamgeukia mkwewe, uso umemshuka kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Labda angeendelea kutembea angevuka. Labda asingevuka. Minza hatajua.

Msiba ukawekwa nyumbani. Kule relini walishaziba tundu kwa wavu mpya. Watu walipopungua, Maduhu, mume wake, akaja akakaa karibu naye kwenye mkeka. Alikuwa ameambiwa kwamba mzee alisimama kwa sababu kuna mtu alimwita.

"Baba aliitwa na nani?"

"Mimi."

Maduhu alikuwa na sauti ya upole tu, ya mtu aliyechoka kulia.

"Ulimwitaje?"

Minza akafungua mdomo, na jina likakataa kutoka.