Harusi ya Ukingoni mwa Genge

Baba yetu, Bwana Ngwali, aliapa talaka kwa sababu ya kitambaa.

Ilikuwa zama za siasa, uhuru haujaja bado, na watu wa kwetu wamegawana vyama mpaka visima na misikiti. Jirani yetu, Bwana Soud, alikuwa na shamba la mikarafuu lililopanda mlima wote kutoka mpaka wetu hadi mji wa pili, na njia ya kwenda huko ilipita humo katikati. Siku moja akatundika bendera ya chama chake juu ya njia, baina ya mikarafuu miwili, kila apitaye apite chini yake. Baba alikuwa wa chama kingine. Akamwambia aishushe. Soud akamjibu kwamba shamba ni lake na bendera ni yake, na asiyeitaka ajifunze kuruka. Ndipo baba, mbele ya wanaume waliokaa barazani na vikombe vyao vya kahawa, akasema, "Mguu wangu ukikanyaga shamba la Soud, Time si mke wangu."

Time ni mama yangu. Wakati huo yuko jikoni, amekalia mbuzi anakuna nazi, na jasho linamtiririka mpaka kwenye kope. Hakuna aliyemuuliza. Wanaume wawili wanagombania kitambaa, anayewekwa rehani ni mwanamke aliyeshika kifuu. Alipoletewa habari alimaliza kukuna, akachuja tui la kwanza na la pili, ndipo akasema, "Haya."

Haukupita muda mrefu akaposwa dada yangu Mwanawema. Yeye ni mtoto wa baba kwa mke wake wa kwanza aliyemwacha zamani, na akikaa na mama yake huko mji wa pili, yaani ng'ambo ya shamba la Soud. Mchumba alikuwa Ame, kijana wa Kengeja, mpole, ana mwanya. Lakini ami yake hakuitaka ndoa ile, kwa kuwa na yeye alikuwa upande wa akina Soud. Akatoa neno lake mapema: siku ya nikaha, ikiadhiniwa alasiri na walii wa bibi harusi hajafika, atamchukua mtoto wake arudi naye, na maneno yawe yamekwisha. Na walii wa Mwanawema, mwenye haki ya kumwoza, ndiye huyo baba yetu aliyejifunga miguu mwenyewe.

Mama alimshauri kwa upole ampe wakala Khatib Nyange wa msikiti wa mji wa pili, amwoze Mwanawema kwa niaba yake, yeye akae kwake astarehe. Baba akasema binti yake wa kwanza atamwoza kwa mkono wake. Tukamwambia basi apande gari ya abiria azunguke barabarani. Akasema gari ile ni ya mtu wa chama kile, hapandi. Kumbe njia iliyobaki ni moja tu, nayo ni ya kaa na popo: uteremke mikokoni, ushike majabali yote ya rasi, upande genge lililosimama wima, utokee nyuma ya nyumba ya akina Mwanawema. Ni kama mtu kuzunguka nyumba nzima aingilie dirishani, na mlango uko wazi.

Aliyelileta shauri hilo ni Mmanga, mwenyekiti wa tawi la chama cha baba. Mmanga alipata kwenda bara ujanani, na tangu arudi hakuna aliyekula naye akamaliza sahani bila ya kusikia jinsi alivyoupanda Kilimanjaro na mizigo ya Wazungu kichwani. Akasema majabali yetu ni changarawe. Atatuongoza yeye.

Basi siku ya nikaha tukatoka watatu: Mmanga mbele na bakora, baba katikati, na miye nyuma na kitita cha joho lake, kanzu yake ya darizi, kilemba na chupa ya mafuta mazuri ya haludi. Baba alivaa makubadhi mapya. Nilimwambia makubadhi hayafai majabalini, akaniambia walii haendi pekupeku.

Mikokoni tulipita salama, tope mpaka magotini. Majabalini ndiko kulikokuwa na kazi. Jiwe la pwani ile limeliwa na bahari likabaki meno matupu, na baina ya jino na jino pana shimo, na ndani ya shimo pana maji, na juu ya maji pana ukoga wa kijani unaoteleza kama bamia. Mahali pengine unapita kwa miguu, pengine kwa tumbo. Mmanga alikuwa akitupigia amri: mguu hapa, mkono pale, usitazame chini. Yeye mwenyewe alitazama chini mara moja, akakumbatia jiwe, akabaki hapo anasoma dua nzima bila ya kuvuta pumzi. Nikampita. Nilimwuliza kama Kilimanjaro nako walikuwa wakipanda kwa dua, akasema kule mawe yake yana adabu.

Kubadhi moja la baba likadumbukia shimoni. Akaendelea na moja, akichechemea kama kuku aliyefungwa kamba, huku akinieleza kwamba mtu mwenye msimamo hutambulikana siku ya shida.

Tukafika chini ya genge. Pale pana ufa wa kupandia, na karibu na kileleni pana kibao cha jiwe, mtu anaweza kusimama. Tukapanda kwa kucha. Baba alipofika kwenye kibao akainua kichwa juu ya ukingo, akakirudisha chini upesi. Zamani huko juu palikuwa pori, si la mtu. Sasa palikuwa pamefyekwa, na miche ya mikarafuu imepangwa mistari mpaka ukingoni kabisa. Soud alikuwa ameongeza shamba. Wanawake wote waliijua habari hiyo. Wanaume wa chama hawakuijua, kwa sababu kuijua kungewataka waamkiane na watu wa Soud.

Nyumba ya harusi ilionekana pale pale, nyuma ya miche. Harufu ya pilau ilitufikia hata pale. Mmanga, ambaye hakuapa kitu, aliparamia ukingo, akajipangusa kanzu, akasema atakwenda kuwapa habari. Akaenda kwa haraka kuliko alivyokwenda siku nzima, bila ya kugeuka nyuma.

Baba alibaki kwenye kibao, uso kwenye mpaka wa Soud, visigino hewani.

Nikangoja. Mmanga harudi, jua linashuka, na baba anatazama jiwe. Nikapanda, nikapita katikati ya miche ya watu, nikafika mlangoni. Mmanga yumo ndani, mkono umezama katika sahani. Ami yake Ame alikuwa tayari amevaa viatu. Nikamwambia Khatib Nyange kwamba walii amefika, ila hafikiki. Khatib hakucheka mbele ya watu. Akamchukua Ame na ami yake, na njiani tukamkuta Bwana Soud na jembe lake begani, amekuja kuona nani anamkanyagia miche. Akatufuata.

Pale ukingoni Soud alimwinamia baba akasema, "Karibu, Bwana Ngwali."

"Sikaribii."

"Basi kaa papo hapo. Ila hilo jiwe si lako wewe wala si langu."

Khatib akasema ndoa itafungwa hapo hapo. Shahidi wa kwanza awe ami yake Ame. Wa pili alipaswa kuwa Mmanga, naye yuko kwenye pilau, na miye sijabaleghe. Akamtazama Soud.

"Si huyo," baba akasema.

"Basi nikuitie kaa?" Khatib akamwuliza. "Alasiri hiyo inakuja. Nataka mwanamume mwenye akili zake, na hapa yupo huyu."

Ami yake Ame akatazama jua, akatazama viatu vyake. Baba akasema haya, awe.

Ame alilala kifudifudi katika kanzu yake nyeupe ya harusi, akateremsha mkono. Baba akasimama kwa vidole vya miguu, mkono wa kulia ndani ya mkono wa mkwewe, wa kushoto ameshika mzizi ulioning'inia ukingoni.

"Khatib," Soud akasema taratibu, "mzizi ule wa kwangu. Mkono nao umo kwenye kiapo?"

Rangi ya baba ilibadilika. Khatib akasema kiapo kilitaja mguu, tuendelee. Baba akatamka kwamba amemwoza Ame binti yake Mwanawema kwa mahari waliyokubaliana. Ame akajibu amekubali, mchanga umemwingia kinywani. Ikasomwa Fatiha, na adhana ya alasiri ikaanza. Lile joho nililolibeba kutwa lilikuwa bado ndani ya kitita.

Kilichobaki ni baba kurudi kwake, na maji yalikuwa yamekwisha kujaa. Ikambidi angoje papo hapo kwenye kibao mpaka yatoke, huku juu yake watu wanapiga vigelegele. Nilimpelekea pilau. Akageuza uso baharini. Akasema sahani hiyo imepita shamba la Soud, haimshuki.

Sikumbembeleza. Nilikaa ukingoni, miguu nje, nikala mbele yake polepole: nyama ya mbuzi kwanza, kisha viazi, kisha zabibu moja moja, kisha ukoko wa pembeni ulioiva na iliki. Mfupa niliufyonza mpaka ukawa mweupe, nikautupa baharini ukampita karibu na sikio. Halafu nikarudi nyumbani kwa njia ya watu, chini ya bendera, na njia ilikuwa kavu, haina hata jiwe la kujikwaa.

Baba alifika baada ya magharibi. Magoti yamechubuka, kanzu imepasuka hadi kiunoni, kubadhi lile moja amelibeba mkononi. Mama alimwekea maji ya moto na muhogo uliopoa. Akakaa, akatia miguu katika beseni, akainua kidevu.

"Time," akasema, "sikukanyaga. Wewe ni mke wangu bado."

Mama alimwagia maji mguuni, akausugua kwa kidole gumba pale penye jeraha, bila ya haraka.

"Majabali yote yale, mume wangu," akasema, "na ukoga wote ule, mguu haukukuponyoka hata mara moja?"